Siku ya 28

Jumanne, 14 Machi 2023

41. Nimepima mara tatu, kila mara nikilegeza tepu kidogo, kana kwamba tepu itanionea huruma. 41. Jumanne iliyopita 39 na nusu. Siku aliyozaliwa 37.

Tepu ni ya fundi cherehani wa jirani, ya njano, imechakaa kwenye namba za mwanzo. Niliahidi kuirudisha. Hakuuliza ya nini. Anajua. Mtaa mzima unajua.

Mgongo, lakini, umekauka vizuri. Nesi wa zahanati ameligusa lile kovu kwa nyuma ya kidole, akasema mshono msafi. Nikatembea na furaha hiyo hadi nyumbani. Halafu nikapima kichwa.

Mvua juu ya bati. Mdogo amelala ubavu kama tulivyofundishwa. Mkubwa alipokuwa na wiki tano alikuwa anapiga teke blanketi mpaka linaanguka chini. Huyu magoti yanacheza kidogo, chini ya hapo kimya. Nimemtekenya nyayo tena leo. Sijui kwa nini naendelea kumtekenya nyayo.

Alhamisi, 16 Machi

Bibi yao amekuja. Kaja na kikapu cha milulu ambacho hajakimaliza, akakaa mlangoni penye mwanga, akasuka bila kusema neno mpaka chai ikapoa. Halafu, kwa upole, bila hata kuinua macho: "Mwanangu, mimba ikiwa changa, kuna mtu ulimcheka?"

Nikasema hapana, mama.

"Kiwete? Mtu yeyote?"

Hapana, mama.

Hakuniuliza kwa ubaya. Angeniuliza kwa ubaya ningelala. Sasa ni saa saba usiku na nimeshawakumbuka watu wote niliowacheka tangu utotoni. Chuoni kulikuwa na kijana aliyekuwa akichechemea, tukamwiga nyuma yake tukienda bwaloni, wasichana wanne. Ilikuwa 2009. Nilikuwa naiga vizuri kuliko wote.

Basi ndiyo hiyo? Mungu aliiandika ile, akaitunza miaka 13, akaja kuidai kwa mtoto?

Hapana. Huyo simjui. Sikubatizwa kwa jina lake huyo.

Jumapili, 19 Machi

Nimekwenda ibadani na Mdogo mgongoni, kitenge hadi kichwani mwake. Siyo kwa ajili ya jua. Naandika ukweli hapa: nilimficha.

Baada ya ibada mama mmoja wa kwaya amenishika mikono miwili, machozi yanamlengalenga, anasema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Nikasema amina. Njia nzima nikawa najibu kimoyomoyo. Mzigo hakupewa mtu mzima mwenye mshahara na kadi ya bima. Kapewa mtu wa kilo nne ambaye hajajifunza hata kucheka.

Shemeji naye kaleta karatasi ya yule nabii wa kwenye hema. Laana ya ukoo, mafuta, sadaka ya kukata mnyororo. Anataka twende Ijumaa. Baba yao hakusema ndiyo, hakusema hapana. Tangu Februari hasemi. Anaondoka alfajiri na mwiko wake na pimamaji, anarudi na vumbi la saruji kwenye kope, anamwangalia mtoto, anakula, analala.

Nimemwambia shemeji asome Luka 13. Wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu mwenyewe anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Shemeji akasema hiyo ni habari ya mnara. Nikamwambia na hii ni habari ya mgongo.

Jumatano, 22 Machi

Mchungaji kaja jioni, pikipiki imejaa matope mpaka kwenye taa. Nilimwandalia kiti kizuri, akakaa kwenye gogo. Akaomba kumpakata. Hakukwepa kichwa, aliushika utosi kwa kiganja kizima. Ni mtu wa kwanza nje ya familia kumpakata.

Akakaa muda mrefu. Nikawa nasubiri mahubiri. Hayakuja. Nikachoka kusubiri, nikamwuliza: kwa nini?

Akasema hajui.

Halafu akasema kitu ambacho nakiandika kabla sijakisahau. Yohana 9, yule aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanamwona na swali lao la kwanza ni nani alikosa, yeye au wazazi wake. Swali la Bibi, kabisa. Yesu anayakataa majibu yote mawili. Kisha yanafuata yale maneno ya kazi za Mungu kudhihirishwa ndani yake. Nikamwambia Mchungaji, hapo ndipo panaponiumiza kuliko pote. Maana yake Mungu alimpofua mtoto wa mtu ili apate pa kuonyesha kazi? Miaka yote ile gizani, anaombaomba, kwa ajili ya onyesho la siku moja?

Akasema maandiko ya kale ya Kigiriki hayakuwa na nukta wala mkato kama tulivyozoea sisi. Nukta ziliwekwa baadaye. Wapo wanaosoma hivi: hakukosa huyu wala wazazi wake, nukta. Kisha sentensi mpya, kwamba ili kazi za Mungu zionekane, yatupasa kuzifanya kungali mchana. Akasema wengi hawasomi hivyo, na yeye hawezi kuniapia kwamba ndivyo ilivyo. Ila hata ukiisoma ile ya kawaida, alisema, tazama anachofanya Yesu baada ya kusema. Anatema mate chini, anakanda tope, anachafuka vidole.

Na anamtuma akanawe katika birika la Siloamu. Siloamu ile ile ya mnara. Hili nimeliona mwenyewe baada ya Mchungaji kuondoka.

Nilimwambia: lakini yule aliona, Mchungaji. Alinawa akarudi anaona. Wangu hatatembea.

Akainamisha kichwa. Hakujibu. Namshukuru kwa kutojibu.

Ijumaa, 24 Machi

Leo sikuenda kwenye hema. Nilikwenda zahanati na karatasi ya kutokea hospitali, kuna mstari sikuuelewa. Foliki asidi, miligramu 5 kila siku, kabla ya mimba ijayo. Kabla? Daktari kijana akanieleza, anachora kwa kalamu nyuma ya bahasha. Uti wa mgongo wa mtoto unaanza kama kitambaa bapa, kingo zinajikunja, zinakutana, zinafunga kama zipu. Siku ya 28 tangu mimba kutunga kazi imekwisha. Kama haikufunga, haikufunga.

Siku ya 28. Mimi kliniki ya kwanza nilikwenda Agosti, mimba ya miezi minne. Nikapewa vile vidonge vya damu, nikavimeza kila usiku, sikuruka hata kimoja. Kila kidonge kina foliki. Kila kimoja kilifika mlango umeshakwisha kuachwa wazi.

Nikauliza hili limejulikana lini. Akasema mwaka 1991, utafiti wa Waingereza, wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hii. Waliopewa foliki kabla ya mimba, hatari ilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Kwa wengine wote zinatosha mikrogramu 400 kwa siku. Si kila mtoto angeokolewa, alisema, wako wanaozaliwa hivi hata mama akiwa amemeza. Akalirudia hilo mara mbili. Kijana mwema. Aliona sura yangu.

1991. Nilikuwa na miaka minne. Nilikuwa nachungulia mashine ya kusaga ya kijijini. Nayo ameitaja, mashine. Tangu 2011 kanuni zinataka viwanda viweke foliki kwenye unga wa mahindi na wa ngano. Sisi tunasaga kwenye mashine ya hapa hapa, debe kwa debe, na pale hakuna anayeweka kitu.

Nimerudi nikahesabu kwenye kalenda ya kanisa ya mwaka jana. Kuzaliwa 5 Februari, rudi nyuma, wiki kwa wiki. Siku ya 28 inaangukia 12 Juni au jirani yake. 12 Juni 2022 ni Jumapili ya Utatu. Nilikuwa kwenye kwaya. Naikumbuka, tulivaa sare mpya, niliimba sauti ya pili na watu wakasimama. Ndani yangu, mimi nikiimba, zipu inakwama.

Nimekasirika. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 25 Machi

Bado nimekasirika, ila sasa najua na nani. Kwa mwezi na nusu nilimkasirikia Mungu peke yake. Kumbe wapo wengine kwenye foleni. Aliyejua tangu 1991 akaniachia nijue mimi mwezi wa tatu 2023. Na mimi mwalimu. Naandika ubaoni sehemu za ua na sehemu za panzi na hakuna aliyewahi kuniandikia siku 28.

Haimwondoi Mungu. Angeweza kuifunga ile zipu bila kidonge, anafunga za wengi. Lakini nimechoka kusikia "mapenzi ya Mungu" pale ambapo palikosekana kidonge. Tunamsingizia.

Jumanne, 28 Machi

43 na nusu. Ametapika mara tatu. Na macho. Macho yanatazama chini, weupe unabaki juu, kama jua linapozama. Walituambia mkiona hivyo msisubiri tarehe. Tarehe tuliyopewa Dar ni 11 Aprili.

Nimepiga simu. Nesi: njooni. Mshahara haujaingia. Baba yao anamdai fundi mkuu wiki mbili.

Jioni walimu wenzangu wameleta bahasha. 86,000. Mwalimu mkuu ameongeza kuku. Kuku wa kubeba kwenye basi kweli? Nikacheka, nikalia, nikacheka.

Jumapili, 2 Aprili

Matawi. Watoto wamezunguka kanisa na mitende, Mkubwa amekuja na tawi lake limekatika, ameliweka kwenye kitanda cha Mdogo.

Bibi anataka abatizwe kabla ya safari, leo leo, maji ya bakuli. Anaogopa, nami naogopa anachoogopa. Nikasema atabatizwa akirudi. Sijui nilitoa wapi sauti ile.

Nimejaribu Zaburi ya 139 kabla ya kufunga mabegi. Mungu anamfuma mtu tumboni mwa mama yake. Niliipenda zaburi hii nilipokuwa na mimba ya Mkubwa. Leo nimekaa nayo kama mtu aliyekaa na shahidi asiyetaka kusema. Kama ni wewe unayefuma, uzi ulikuponyoka? Bibi akikosea mshono kwenye kikapu hufumua mpaka pale alipokosea, hata kama ni usiku, hata kama ni kazi ya siku mbili. Wewe hukufumua. Uliendelea. Ukaweka nyusi. Ukaweka zile kucha ndogo ndogo, nzuri ajabu, kwenye vidole vya miguu ambavyo havitajua kama vinakanyaga mchanga au mawe.

Ndiyo sala yangu ya leo. Sina nyingine.

Jumatatu, 3 Aprili

Basi la saa kumi na mbili. Kitonga nilifumba macho, si kwa kona, kwa kila mtikisiko nilikuwa nashikilia kichwa chake. Ruaha Mbuyuni wameshika vitunguu madirishani. Mama wa kiti cha mbele kageuka kutaka kumwona mtoto, nikamfunua. Nimemfunua! Akatazama, akanyamaza, akaninunulia vitunguu.

Dar joto.

Jumatano, 5 Aprili

Wamemchukua saa tatu asubuhi. Daktari alinieleza: maji ya ubongo yanatengenezwa kila siku na kila siku yanapaswa kupata njia ya kutoka, yake imezibwa. Wanaweka mpira mwembamba, shanti, kutoka ndani ya kichwa, chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, mpaka tumboni. Kuna njia nyingine isiyo na mpira, wanatoboa tundu ndani kwa kutumia kamera. Iliendelezwa hapo Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto. Kwake yeye wameona mpira.

Saa tano. Sita. Saba kasoro.

Daktari ametoka, kofia imeloa jasho, amevaa vile viatu vya plastiki vya chumba cha upasuaji, kimoja kina tone la kitu. Kasema imekwenda vizuri. Mimi nikawa naangalia tone. Nikakumbuka tope.

Sijui daktari huyu anasali wapi, au kama anasali. Nimemwombea kwa jina.

Ijumaa, 7 Aprili

Ijumaa Kuu, wodini. Redio ya mtu inasoma mateso kitanda cha mbali, betri inaisha inaisha.

Macho yamepanda. Asubuhi alinitazama. Alinitazama mimi, usoni, kwa dakika nzima. Sikujua mpaka leo kwamba alikuwa hajawahi.

Kitanda cha dirishani kuna mama wa Tanga. Mtoto wake kichwa 58. Alikaa naye nyumbani miezi saba, waliambiwa ni shetani. Ni Ramadhani, yeye hafungi kwa sababu ananyonyesha, atalipa baadaye, lakini jioni dada yake analeta futari na wodi nzima tunafuturu. Viazi vitamu vya nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Mimi Mlutheri nimefuturu Ijumaa Kuu, nikashukuru. Ananiita Mwalimu. Anasema, "Mwalimu, wako anakuangalia kama mtu anayekudai."

Jumamosi, 8 Aprili

Wa mama wa Tanga amefariki. Alfajiri, homa iliyopanda tangu jana usiku.

Manesi walikuja wakaondoka. Dada yake yuko njiani. Nilikwenda na Biblia mkononi, mazoea tu, mkono ulijiendea. Akaiona. Akasema, "Usinisomee kitu, Mwalimu. Kaa tu."

Nikakaa. Saa nne na nusu, nimehesabu baadaye. Alikuwa amemshika, amemfunga khanga kama anampeleka kliniki. Mara moja akasema sisi ni wa Mungu na kwake tunarejea. Mara moja akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa: "Alikuja kufanya nini, miezi saba?" Sikuwa na jibu na nilijua asingelisikia. Nikamshika mguu wa mtoto, ulikuwa bado laini.

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana, hapana aliyenena neno. Hapo walikuwa wema. Waliharibu walipofungua midomo, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu aliyekuwa amepiga kelele na kumshitaki. Nimefundisha Ayubu shule ya Jumapili mara ngapi, kila mara nikikimbilia mwisho, kwenye ngamia na watoto wapya. Kana kwamba watoto wapya ni watoto wale.

Leo Jumamosi ya katikati. Yesu yuko kaburini na mbingu haisemi. Kanisani kwetu siku hii hatuifanyii kitu, tunapanga maua tu.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Kitanda cha dirishani kitupu, godoro limesimamishwa.

Siwezi kuimba. Nimesoma Yohana 20, polepole. Tomaso na majeraha. Amefufuka, mwili mpya, mauti imekwisha, milango imefungwa naye anaingia, na bado mikono ina matundu na ubavu umetobolewa. Baba hakuyaziba. Nimeisoma hii maisha yangu yote nikidhani ni ushahidi tu, kama kitambulisho.

Ninaloamini leo, naliandika hata kama kesho nitayumba: Mungu hakukaa mbali akagawa maumivu kama mgawa posho. Aliyachukua mwilini, na hajayavua. Ana kovu. Kwa nini anaruhusu, sijui, na sasa nina mashaka na kila anayesema anajua. Lakini sitamwabudu asiye na kovu. Huyu naweza kumpeleka Mdogo kwake bila kumfunika kitenge.

Na siku ile ya ufufuo, Mdogo atatembea? Nataka atembee. Nataka pia nimtambue.

Jumanne, 25 Aprili

Nyumbani. Baridi imeanza. 44 kamili, ilikuwa 45 tunaondoka. Shanti inaonekana nyuma ya sikio kama mshipa mnene, naigusa kila saa, nesi amesema niache.

Tumefundishwa mpira wa mkojo. Kibofu chake hakisikii, kikiachwa kinarudisha mkojo kwenye figo. Mara nne kwa siku, mikono safi, taratibu, mpaka mkojo uishe. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka, Baba yao akashika taa ya simu. Figo nazo zinaweza kuwaua hawa watoto, si mgongo tu. Hivyo saa zangu za sala sasa zimepangwa: kumi na mbili, sita, kumi na mbili, nne usiku. Sijawahi kuwa mwaminifu hivi.

Likizo ya uzazi inaisha, siku 84. Nani atamwekea mpira wa saa sita?

Jumamosi, 6 Mei

Baba yao amesema.

Tulikuwa tunakula. Akasema, "Ngazi za kanisa ni sita." Nikasubiri. Akasema upana unatosha kuweka mteremko upande wa kushoto, hatua moja juu kwa kumi na mbili mbele, ameshapima, asubuhi alipokuwa anapita. Mifuko ya saruji minne na kokoto. Ameshakwenda kwa wazee wa kanisa, wamekubali, saruji watatoa, kazi atafanya yeye.

Mdogo ana miezi mitatu! Hata kukaa hajakaa. Kiti cha magurudumu atakihitaji baada ya miaka.

Nikamwambia. Akasema, "Zege linataka muda kukomaa." Akaendelea kula.

Nimelala kitandani namsikia anapumua na ninajua sasa alikuwa wapi miezi yote hii. Mimi nilikuwa nauliza nyuma, yeye alikuwa anahesabu ngazi.

Nimesoma kuhusu Mefiboshethi, 2 Samweli. Ana miaka mitano, mlezi wake anakimbia vita amembeba, anamwangusha, miguu yote miwili. Biblia haitoi sababu, haimlaumu yaya, haisemi nani alikosa. Baadaye mfalme Daudi anamtafuta, anampa mashamba ya babu yake na kiti mezani, ale na wana wa mfalme siku zote. Nikawa nasubiri muujiza. Hakuna. Sura inafungwa kwa kusema alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Kiti kipo, na miguu ni ile ile, na mwandishi hakuona aibu kumalizia hapo.

Jumatatu, 15 Mei

Mwalimu wetu mdogo, wa darasa la pili, anafunga ndoa Julai. Nimemvuta nyuma ya stoo ya majembe na mafyekeo nikamwambia yote, bila kupamba. Foliki, mikrogramu 400, aanze sasa, kabla ya harusi, aendelee mpaka miezi mitatu ya mimba. Mwanzoni aliona haya. Halafu akatoa kalamu akaandika mkononi.

Jumapili ijayo nimeomba dakika tano kwa akina mama. Mwenyekiti ameuliza mada ni ya neno au ya afya. Nikasema ni ya neno.

Na Bibi. Nimerudi saa tisa kumkuta amekaa mlangoni, amenawa mikono mpaka viwiko, sabuni bado iko kwenye beseni. Ameuweka mpira wa saa sita mwenyewe. Wiki nzima alikuwa akinitazama tu, sikujua anajifunza. Vile vidole, miaka 50 ya milulu, havitetemeki hata kidogo. Mkojo ameupima kwenye kikombe cha plastiki na kuniandikia kwa mkaa ukutani, mistari, kwa sababu hajui kusoma.

Hakusema lolote kuhusu lile swali lake la Machi. Sikumdai.

Jumapili, 28 Mei

Pentekoste. Zege limekomaa wiki mbili na nusu. Wa kwanza kulipanda hatukuwa sisi, ni yule mzee wa mkongojo wa safu ya mwisho, ambaye kumbe miaka miwili amekuwa akisikilizia ibada nje, dirishani. Hatukuwahi kumwuliza kwa nini haingii. Usharika mzima. Miaka miwili.

Mdogo hakulia. Mchungaji alimshika vilevile kama Machi, kiganja kizima, akaepuka upande wa shanti, akamwaga maji upande mwingine mara tatu. Jina limesemwa kwa sauti. Sikumfunika. Watoto wa mbele walitazama kichwa, mmoja akauliza mama yake kwa sauti, mama akamfinya, nikamwambia aachwe aulize. Nikamjibu mwenyewe: ana maji mengi kichwani, amewekewa njia. Akasema, "Aha." Akarudi kwenye pipi yake.

Baba yao alisimama kando ya mteremko mpaka watu wote walipotoka. Alikuwa anakagua nyufa.

Leo saa sita tulichelewa, tuliweka mpira saa saba, nyuma ya vestri, Bibi ameshika beseni. Jioni nimepima. 44. Jumapili iliyopita 44, na ile ya kabla yake 44. Kesho narudisha tepu ya fundi, nimenunua yangu.